Deki Isiyoyumba

Juu ya mlango wa kibanda changu hapa Kilosa mjini, ng'ambo ya stesheni ya zamani, kuna kibao nilichokiandika mwenyewe kwa rangi ya mafuta: WATAALAMU WA SAUTI. Wataalamu wenyewe ni mimi. Siku za mwanzo watu walikuwa wakiniuliza wenzangu wako wapi, nami nikiwajibu kwamba wametoka kidogo, watarudi. Mke wangu Domina aliniambia nifute nibaki mmoja, nisije nikaulizwa siku moja na watu wa kodi. Nikamwambia rangi imekwisha.

Kuhusu huo utaalamu, afadhali niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na majirani. Naitwa Amon, mtoto wa Lumuma, kule milimani ambako mtu huzaliwa, hubatizwa na kuingizwa kwaya kabla hajaulizwa. Mimi niliingizwa, kisha nikatolewa. Mwalimu wa kwaya alimwambia baba yangu kwa upole kwamba besi ya kijana ni nzuri, ila kila wimbo anaimba wa kwake. Nikaona kama siwezi kutoa sauti, basi nitatengeneza vyombo vinavyotoa. Nikashuka mjini, nikajifunza ufundi wa redio, nikatengeneza redio mpaka watu wakaacha kuwa na redio. Nikahamia kwenye simu, nikatengeneza simu mpaka zikaja hizi ambazo ukizifungua hazifungiki tena. Nikabaki nimekaa kibandani nikihesabiwa miongoni mwa mafundi kwa heshima tu ya kibao.

Ndipo kanisa la nyumbani Lumuma wakaniletea sanduku la kanda za kaseti za kwaya, kwaya ileile iliyonitoa. Walitaka nyimbo ziingie kwenye flashi kabla kanda hazijaoza. Nilikuwa na redio kaseti moja ya zamani kibandani, nikaichomeka waya, waya nikauchomeka kwenye kompyuta, nikabonyeza, nikaenda kula. Niliporudi kazi ilikuwa imefanyika. Mambo yangeishia hapo ningekuwa mtu salama hadi leo. Lakini mwinjilisti alisimama madhabahuni Jumapili akanitaja kwa jina kuwa ni mtu aliyeokoa urithi wa kanisa, na akina mama wakapiga vigelegele. Kichwa kikavimba. Jumatatu yake nikaanza kusoma mtandaoni habari za deki.

Sijui kama mmewahi kukutana na watu wa deki za kaseti. Mimi nilikutana nao kwenye simu. Ni watu wazima, wengine wana wajukuu, na wanagombana usiku na mchana kuhusu chombo cha kuchezea kanda. Kwao redio kaseti ni dhambi. Wanataka deki yenyewe, kubwa, nzito, yenye hedi tatu badala ya mbili, hedi ile inayosoma kanda iwe haijalika, kigurudumu cha mpira kiwe laini. Zaidi ya yote wanataka mwendo. Kanda ipite mbele ya hedi kwa mwendo uleule tangu mwanzo hadi mwisho, isiharakishe wala isichelewe. Ikiyumba hata kidogo, wanasema, sauti si sauti tena. Mimi niliyeshindwa kutofautisha sauti ya besi na ya tenori nikawa naamka nikiwaza kuyumba. Mgeni akija nyumbani kula, kabla hajamaliza tonge la pili ameshaelezwa kuyumba. Ile redio iliyookoa urithi wa kanisa niliisukuma chini ya meza, na nilipoiona nilikuwa naona aibu kana kwamba ni ndugu mlevi.

Nikiwa katika hali hiyo ndipo alipokuja Mama Shimba.

Alikuja siku ya mnada, mama wa makamo yaliyokwisha, mrefu, amejifunga kitenge juu ya gauni, mkononi kopo la maziwa ya unga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi, akafungua kopo. Ndani mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na kaseti moja.

"Humu yumo mama yangu," akasema.

Nikamwomba anieleze. Yeye na marehemu mumewe walitoka Maswa na ng'ombe wao, wakahama mpaka Tindiga, enzi hizo watoto bado wadogo. Mama yake, aliyeitwa Limi, alibaki kule. Mama hakujua kuandika na binti hakujua kusoma, kwa hiyo barua zao zilikuwa kanda. Mtu akitoka kwao kuja huku anabeba kanda, akirudi anabeba nyingine. Unakaa mbele ya redio, unabonyeza kitufe chekundu, unamsalimia mwenzako, unamweleza habari za nyumba na za mifugo. Kanda zilikuwa zikienda na kurudi hizohizo, moja inafutwa na nyingine, ila hii haikufutwa kwa sababu kabla hajaijibu zilikuja habari kwamba mama ameshazikwa. Alikuwa akiisikiliza kwenye redio ya mumewe. Halafu mafuriko yakaja, yakachukua redio, magunia na kuku, kaseti ikapona kwa kuwa ilikuwa imechomekwa juu, kwenye dari la nyasi. Aliwahi kuijaribu kwa jirani, redio ya jirani ikaanza kuitafuna. Akaichomoa mwenyewe, na tangu hapo hajaiweka mahali popote.

"Nataka kumsikia mama," akasema. "Kingine sina, fundi. Nimsikie tu."

Sasa, mtu mwenye akili angevuta ile redio chini ya meza, akasafisha hedi kwa spiriti, akamsikilizisha mama wa watu mama yake, akamtakia safari njema. Mimi niliichukua ile kaseti kwa ncha za vidole, nikaigeuza kwenye mwanga, nikakunja uso.

"Mama, kanda kama hii haiwekwi kwenye chombo chochote tu," nikasema. "Hii inataka deki."

"Unayo?"

"Natafuta."

Akanitazama kidogo, kisha akaniachia kopo lenye kila kitu. Aliniamini. Yule mama alikuwa amesomewa kibao.

Nikaanza kuchagua. Ya kwanza niliipata Munisagara kwa mwalimu mstaafu, deki ya kuweka kaseti mbili kwa mpigo. Nilikuwa nimetengeneza kaseti ya kupimia, yenye mlio mmoja tu usiobadilika, na kwenye kompyuta mlio huo huonekana kama mstari. Deki ikiwa nzuri mstari unanyooka. Ya mwalimu ulikuwa unapanda na kushuka kama barabara ya Lumuma. Nikaikataa. Ya pili ilikuwa ya baa moja hapa mjini, hedi yake imelika mpaka ina mfereji. Nikaikataa. Ya tatu ilikuwa nzima kabisa, mstari umenyooka vizuri, mwenye nayo akaniambia chukua ujaribu ukae nayo hata mwezi. Nikaikataa kwa sababu mlango wake ulikuwa wa plastiki. Domina aliponiuliza mlango una kazi gani kwenye sauti, nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya ndani.

Kila siku ya mnada Mama Shimba alipita.

"Deki imepatikana, fundi?"

"Bado, mama. Nachagua."

Alikuwa anakaa kwenye benchi, anakunywa maji, anatazama lile kopo lilipo juu ya rafu, anaaga. Domina, ambaye genge lake la mboga limepakana na kibanda changu, alikuwa anaona yote.

"Baba Happyness," akaniambia siku moja, "unachagua deki au unachagua mke?"

"Kazi ya sauti haitaki haraka."

"Yule mama ana umri gani?"

Nilijifanya sijasikia, jambo ambalo kwa mtaalamu wa sauti ni rahisi sana.

Ndipo nikapata habari za Alfred wa Mikumi. Huyu alikuwa mpiga muziki kwenye ukumbi wa hoteli moja pale barabara kuu, hoteli ikafungwa, akabaki na vyombo. Nikapanda pikipiki yangu asubuhi, nikashika barabara ya Ulaya. Kwa msiokijua, Ulaya ni kijiji kilicho njiani, na kila mwanamume wa Kilosa akishapita pale lazima awaambie watu kwamba amefika Ulaya. Mimi nimefika mara nyingi.

Alfred alinipeleka chumba cha nyuma, akafunua shuka. Ilikuwa nyeusi, pana kama sinia la pilau, nzito, mlango wa chuma. Hedi tatu. Nikaweka kaseti yangu ya kupimia, nikafungua kompyuta, na mstari ukatoka umenyooka mpaka nikadhani kompyuta imeganda. Nikagonga meza. Mstari haukutikisika. Nikahisi machozi, sitanii. Nikamuuliza Alfred anataka nini. Alfred alikuwa anatazama nje dirishani, na nje dirishani hapakuwa na kitu ila pikipiki yangu.

Tulielewana haraka mno. Alfred hata alikuwa muungwana, akasema nikae nyuma anifikishe stendi na mzigo wangu. Akanifikisha, juu ya pikipiki iliyokuwa yangu asubuhi, kisha akaniomba nauli ya mafuta. Nikampa.

Nilifika nyumbani jua linazama, nimekumbatia boksi kama mzazi aliyetoka wodini. Domina akachungulia nyuma yangu.

"Pikipiki iko wapi?"

"Hii hapa," nikasema, nikafungua boksi.

Aliitazama deki, akaizunguka, akaitazama upande wa pili ambako labda alitegemea kuona magurudumu. Halafu akachukua ndoo akaenda kuchota maji, na ndoo zote nyumbani zilikuwa zimejaa. Ningependa zaidi angenitukana.

Kesho yake nikaifanyia kaseti ya Mama Shimba kazi safi, hilo nakubali hata leo. Nikafungua skrubu zake ndogo, nikakata pale palipotafunwa nikaunga kwa gundi ya karatasi, sehemu fupi tu, nikabadilisha kisponji kinachosukuma kanda kwenye hedi, nikaifunga. Nikaiweka kwenye deki. Ikatoka sauti safi, haina mkwaruzo. Jogoo akawika, mbuzi akalia, halafu mwanamke akaanza kuzungumza Kisukuma, upesi upesi, kwa sauti nyembamba. Kisukuma sikijui zaidi ya kuitikia salamu. Nikajisemea kwamba bibi huyu alikuwa mwepesi wa ulimi. Mara kwa mara alinyamaza, kimya kikapita, kisha akaendelea. Mimi macho yalikuwa kwenye taa za deki. Sauti yenyewe sikuisikiliza, nilikuwa nasikiliza ubora.

Nikatuma ujumbe Tindiga. Siku ya mnada Mama Shimba akaja na mwanawe, Shimba mwenyewe, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, aliyeniambia "Shikamoo mzee" wakati nadhani tunalingana. Mama alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Chini ya kwapa alikuwa amembeba jogoo mwekundu, zawadi yangu.

Nikawakalisha. Nikawaeleza deki. Ndiyo, niliwaeleza, hedi tatu, mwendo, kuyumba, mlango wa chuma, mama wa watu amekaa na mikono mapajani akisubiri nimalize. Hatimaye nikabonyeza.

Jogoo wa kwenye kanda akawika, mama akatabasamu. Mwanamke akaanza kusema. Tabasamu likabaki kidogo, halafu likaondoka.

"Huyu nani?" akauliza.

"Ni mama yako, mama."

"Hapana. Huyu mtoto. Mama yangu alikuwa na sauti nzito. Akiita ng'ombe, watu walidhani ni baba anaita."

Hapo ndipo mdomo wangu ungefungwa kwa gundi ileile ya karatasi, leo ningelala vizuri. Lakini nilikuwa nimetoa pikipiki.

"Mama," nikasema, "hii deki haiyumbi. Tazama huu mstari. Mashine haijui kudanganya, inatoa kilichomo. Ni miaka mingi sasa. Sauti ya mtu husahaulika, ni kawaida, hata mimi ya baba yangu siikumbuki vizuri."

"Kwenye redio ya Baba Shimba alikuwa anasikika mwenyewe."

"Redio ile ilikuwa ya kawaida tu, mama. Hii ndiyo yenyewe."

"Mama," Shimba akasema taratibu, "fundi ndiye anajua."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaisikiliza yote mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, midomo yake ikifuatisha.

"Maneno ni yake," akasema. "Yote ni yake. Basi nimesahau." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nilidhani bado ninaye. Kumbe hata sauti imeshaondoka, mimi nakaa najidanganya."

Akanishukuru. Akasimama, akanishukuru kwa mikono miwili, akaniachia jogoo, akatoka na mwanawe. Kaseti aliiacha kwenye deki na flashi niliyomwandalia mezani, alizisahau au hakutaka kuzichukua.

Domina aliingia akiwa bado na kisu cha kukatia mchicha.

"Amon," akasema. Hakusema Baba Happyness, na akiniita Amon huwa mambo yameharibika. "Wewe uliyetolewa kwaya, ndiye wa kumfundisha mtu sauti ya mama yake?"

Nilitamani kuwa na hasira, hasira haikuja, ikaja aibu, nikakaa nayo mchana kutwa. Kilichoniuma ni kwamba yule mama alikuja na kitu kimoja, akaja nacho mwenyewe kichwani, hakukiweka hata kwenye kopo, na mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Asubuhi iliyofuata niliicheza tena ile kanda, na nia yangu, naona haya kusema, ilikuwa kupata ushahidi kwamba niko sahihi. Jogoo nilikuwa nimemfunga kwenye mguu wa meza. Nilipobonyeza, wa kwenye kanda akawika, na huyu wa chini ya meza akasikia kuna mwenzake, akajitutumua akamjibu. Nikaruka kitini. Sauti ya huyu ilikuwa nzito, imejaa kibanda chote. Ya yule ilikuwa kijisauti, kama kifaranga kinachojifunza. Nikarudisha kanda. Wakawika tena, mmoja jogoo, mmoja kifaranga. Nikaipeleka kanda mbele mpaka karibu na mwisho, na huko yule mwanamke alikuwa amepanda zaidi, sasa ni ndege kabisa, anasema mbio mtu hawezi hata kupata pumzi. Hakuna binadamu anayekaa chini akiwa mtoto wa shule akainuka akiwa chiriku.

Nikamwangalia jogoo, jogoo akaniangalia.

Betri. Mtu yeyote aliyekulia kijijini angejua, na mimi nimekulia kijijini, na nimetengeneza redio nusu ya maisha yangu. Betri zikichoka tulikuwa tunazianika juani, juu ya bati au juu ya jiwe, tunazirudisha, redio inafufuka kidogo. Lakini mota inakuwa haina nguvu, kanda inapita ikijivuta. Bibi Limi alirekodi kwa betri za kuanika, kanda inajivuta, na kadiri alivyoendelea kusema ndivyo betri zilivyozidi kufa. Ukiicheza kanda hiyo kwenye chombo cha mwendo sahihi, kila kitu kinakimbia na sauti inapanda. Na redio ya marehemu Baba Shimba nayo ilikula betri za kuanika, nayo ilijivuta, ndiyo maana humo Bibi Limi alisikika mwenyewe. Kwa hiyo nimezunguka wilaya nzima nikitafuta deki isiyoyumba, nikatoa na pikipiki, ili niicheze kanda ambayo dawa yake ni kuyumba.

Nilicheka peke yangu mpaka Domina akaja kuchungulia. Nilipomweleza, yeye hakucheka. Akaniuliza tu, "Sasa utamwambia lini?"

Kwa upande wa ufundi dawa ilikuwepo. Nyuma ya mota ya deki kuna kitundu, ndani yake skrubu ndogo sana, ukiizungusha mwendo unapungua. Ila nipunguze kiasi gani? Kaseti ya kupimia isingeniambia, mstari usingeniambia, na jogoo alikuwa ameshatoa mchango wake. Bibi Limi alikuwa na sauti gani, alijua mtu mmoja tu kati ya watu wote ninaowafahamu, na huyo nilikuwa nimemwambia kwamba hajui.

Nikakodi bodaboda, kwa kuwa pikipiki mnajua iliko, nikaenda Tindiga na deki mgongoni na kompyuta mkobani. Nilimkuta Mama Shimba anapepeta mpunga uani. Nikamwamkia, akaitikia, akaniletea kigoda na maziwa mgando, hakuniuliza nimefuata nini. Nikanywa, nikaweka kikombe chini.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," nikasema. "Nilikwambia umesahau. Nilisema kitu nisichokijua. Kanda ile ilirekodiwa kwa betri zilizochoka, kwenye deki yangu ikawa inakimbia. Naweza kuipunguza, ila sijui niishie wapi. Nataka unielekeze wewe."

"Mimi? Mimi mashine siijui, fundi."

"Mashine naijua mimi. Mama yako sijawahi kumwona."

Akaacha ungo. Tukaingia ndani, ambako Shimba ana umeme wa jua na spika yake ya muziki. Nikafungua mfuniko wa deki, mbele ya watu nikaingiza bisibisi kwenye kile kitundu. Chombo kile ndicho kitu pekee cha bei kubwa nilicho nacho, na nilikuwa nakwenda kukiharibu kwa makusudi. Nikabonyeza.

"Bado," akasema. Nikazungusha kidogo. "Bado mtoto." Nikazungusha. "Bado." Nikazungusha tena, akainua kichwa. "Sasa ni mama mdogo. Mdogo wake na mama, alikuwa na sauti hiyo." Nikaongeza, sauti ikashuka mno, ikawa ya mwanamume. Mama Shimba akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka. "Umepita! Huyo ni babu. Rudi. Rudi taratibu. Rudi..."

Mkono wake ukaja juu ya mkono wangu, ukaukamata.

"Hapo."

Sikuuliza kama ana hakika. Tukaendelea hivyo kanda nzima, kwa sababu betri za Maswa zilikuwa zikiendelea kufa, na kila sauti ilipoanza kupanda alinivuta shati kabla mimi sijasikia chochote. Tulipofika mwisho nikarudisha kanda mwanzo ili sasa niirekodi. Mara hii mkono wangu ulikuwa umeshaijua njia, nikamwambia apumzike, asikilize tu.

Jogoo akawika, jogoo mzima. Halafu mwanamke mwenye sauti nzito, isiyo na haraka, akasalimia, "Mwangaluka." Akanyamaza.

Kile kimya nilikuwa nimekisikia mara nyingi, nikakidhania ni mtu aliyeishiwa maneno. Mama Shimba akateremka kwenye kigoda, akapiga magoti sakafuni mbele ya deki, akainamisha kichwa.

"Mwangaluka, mayu," akaitikia kama mtoto anavyomwitikia mama.

Na kimya kilikuwa kimemtosha. Alipomaliza tu kujibu, mama yake akaendelea, akauliza jambo, akanyamaza tena, binti akajibu. Akauliza jingine. Bibi Limi alikuwa ameacha nafasi ya kila jibu, na kila jibu liliingia mahali pake. Shimba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Mimi nilikuwa nazungusha skrubu, na machozi yananitoka, nayo siwezi kuyafuta kwa sababu mkono ulikuwa na kazi.

Katikati ya kimya kimoja Mama Shimba alinigeukia akiwa bado amepiga magoti.

"Sikusahau, fundi."

"Hukusahau, mama," nikasema. "Ni mimi niliyekuwa sijui, na nikuombe tena samahani, kwa sababu siku ile mimi..."

"Nyamaza," akaniambia. "Mama anaongea."